Kwa nini kikao cha video hukatika hata pale mtandao unaposoma vizuri?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, watumiaji wengi wa simu nchini Tanzania waliona jambo la kushangaza. Simu ilisoma mtandao kama kawaida, bando lilikuwepo, lakini intaneti haikwenda. Wengine walizima simu na kuwasha, wengine walibadilisha laini. Haikusaidia, kwa sababu hitilafu haikuwa kwenye simu wala kwenye mnara wa kijijini. Ilikuwa chini ya bahari, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, ambako mikongo miwili ya intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika siku hiyo hiyo.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituuliza swali linalohusiana na tukio hilo: kwa nini kikao cha video hukwama wakati ujumbe wa WhatsApp unaingia? Swali hili si la watu wa ofisi za mjini peke yao. Leo katibu wa chama cha ushirika anaitwa kwenye kikao cha Zoom na mnunuzi wa kahawa. Mahakama ya Tanzania inasikiliza baadhi ya mashauri kwa njia ya video. Minada ya mazao kama ufuta, korosho na kakao inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo ya bei, anayepoteza ni mkulima.

Ujumbe unasubiri, kikao hakisubiri

Ujumbe wa maandishi ukichelewa sekunde tano, hakuna anayejua. Mtandao huutuma tena hadi ufike. Kikao cha video hakina nafasi hiyo. Sauti na picha hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinatakiwa kufika kwa zamu yake. Kikichelewa, kinatupwa. Ndiyo maana unasikia neno nusu, au unaona uso wa mwenzako umeganda huku mdomo uko wazi.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza kuwa sauti ichukue chini ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, yaani chini ya moja ya sita ya sekunde. Ikizidi milisekunde 400, mazungumzo yanakuwa ya kugongana: huyu anaanza kusema kabla yule hajamaliza.

Kwa hiyo kikao kinahitaji mambo matatu: kasi ya kutosha, njia fupi, na njia ya pili endapo ya kwanza itakatika. Kampuni za simu hututangazia sana lile la kwanza. Tukio la Mei 2024 lilitukumbusha yale mawili ya mwisho.

Wa Mbeya na wa Arusha wanakutania wapi?

Zamani kampuni iliyotaka mikutano ya video ilinunua mitambo maalumu, ikatenga chumba na kukodi laini yake. Siku hizi kikao kinaendeshwa na programu kama Zoom, Microsoft Teams au Google Meet. Janga la Uviko-19 liliharakisha mabadiliko haya. Zoom ilieleza kuwa washiriki wa vikao vyake kwa siku walipanda kutoka milioni 10 Desemba 2019 hadi milioni 300 Aprili 2020. Skype, iliyowahi kuwa maarufu kuliko zote, ilifungwa Mei 2025 na watumiaji wake wakaelekezwa Teams.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba picha yako kwenye kikao cha watu wengi haiendi moja kwa moja kwa mwenzako. Inakwenda kwanza kwenye kompyuta kubwa, yaani seva, iliyoko katika kituo cha data. Seva hiyo ndiyo inayogawa: mwenye mtandao mzuri anapewa picha kubwa, mwenye mtandao dhaifu anapewa picha ndogo.

Swali ni je, seva hiyo iko wapi? Ikiwa iko Ulaya au Afrika Kusini, mtu wa Mbeya akizungumza na mtu wa Arusha, maneno yake yanavuka bahari, yanafika ugenini, kisha yanarudi tena nyumbani. Watu wako nchi moja, lakini mazungumzo yao yanategemea mkongo wa baharini.

Sasa tazama hali ilivyokuwa mwaka 2024. Mwezi Februari, meli iitwayo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi wa Yemen katika eneo la Bahari ya Shamu. Meli ilielea bila mwelekeo, na inaaminika kuwa nanga yake ndiyo iliyoburuta na kukata mikongo kadhaa, ukiwemo wa Seacom. Njia ya kaskazini ikapungua. Ilipofika Mei, mikongo miwili ikakatika upande wa kusini. Tanzania, iliyokuwa ikitegemea sana mikongo hiyo miwili, ikaumia zaidi. Kenya nayo iliyumba, lakini Mombasa ina mikongo mingine, ukiwemo TEAMS unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu.

Ukarabati wa baharini si kama kuunga waya wa umeme uliodondoka. Inabidi meli maalumu ifike, ikamate mkongo kutoka chini, iuvute juu, iunge na kuurudisha. Kazi hiyo haikuisha kwa siku moja wala mbili.

Kinachobadilika

Yapo mabadiliko ya kutia moyo. La kwanza ni mikongo mipya. Mkubwa kuliko yote ni 2Africa, wenye urefu wa takriban kilomita 45,000, unaojengwa na kundi la kampuni zikiongozwa na Meta, wenye Facebook. Unazunguka bara la Afrika na umefikishwa Mombasa na Dar es Salaam. Novemba 2025 ilitangazwa kuwa sehemu yake kuu imekamilika. Faida ya mzunguko ni kwamba upande mmoja ukikatika, mawasiliano yanaweza kupitia upande wa pili.

La pili ni kuleta seva karibu. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Ni karibu kuliko Ulaya, lakini bado si nyumbani. Ndiyo maana vituo vya kubadilishana intaneti vya ndani, kama TIX cha Dar es Salaam, vina umuhimu mkubwa: mitandao ya ndani inakutana hapo na kupeana mawasiliano bila kwenda nje. Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Kenya ilitoka asilimia 30 ya mawasiliano ya intaneti yanayohudumiwa ndani ya nchi mwaka 2012 hadi asilimia 70 mwaka 2020. Inawezekana, basi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika mtandao msemo huo una maana yake.

La tatu ni satelaiti za karibu. Satelaiti za zamani ziko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ardhi, hivyo sauti huchukua karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka. Ukiuliza na kujibiwa, nusu sekunde imekwisha. Zile za Starlink ziko kama kilomita 550 tu, na ucheleweshaji ni mdogo. Huduma hiyo ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023. Inafaa mahali ambapo waya haufiki, ila gharama ya kifaa bado ni kikwazo kwa kaya nyingi za vijijini.

Mguu wa mwisho ni kijijini kwetu

Hata bahari ikitulia, ipo safari ya kutoka kwenye Mkongo wa Taifa hadi kwenye mnara, na kutoka mnarani hadi mkononi mwako. Mei 2023 serikali ya Tanzania ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini mnara ukiwepo, bado tuulize: una 4G au 2G? Umeme ukikatika, una akiba ya saa ngapi? Watu wangapi wanagawana mnara huo jioni?

Tuulize pia kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha tu. Kutazama filamu ni kupokea. Kikao ni kupokea na kutuma. Ndiyo maana mtu anaona wenzake vizuri, lakini wao wanalalamika kuwa hawamsikii.

Kisha lipo bando. Zoom inaeleza kuwa mazungumzo ya watu wawili kwa picha nzuri yanahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Tukipiga hesabu, saa moja inakula kama MB 540. Sauti peke yake, kwa kilobiti 80 kila upande, inakula kama MB 72. Maana yake, bando la saa moja ya picha linatosha zaidi ya saa saba za sauti.

Kwa hiyo, unapokuwa na kikao muhimu, salimia kwa picha, kisha zima kamera mnapoingia kwenye kazi. Funga programu nyingine zinazokula bando kimyakimya. Kaa mahali ambapo mtandao unasoma vizuri zaidi, hata kama ni nje chini ya mwembe. Na kabla ya kuanza, kubalianeni: kikao kikikatika, nani atampigia nani simu ya kawaida. Bei au mkataba mliokubaliana, uandikwe kwa ujumbe palepale, usibaki kwenye sauti iliyokatikakatika.

Hayo ni ya mtumiaji. Lakini kuzima kamera hakuungi mkongo uliokatika. Viongozi na kampuni za simu wanapokuja na habari za kasi mpya, yapo maswali mawili ambayo mwananchi wa kijijini ana haki ya kuwauliza: mazungumzo yetu ya ndani yanapita wapi, na njia hiyo ikikatika, ya pili iko wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama katibu wa ushirika atasikika anapotaja bei ya kilo ya kahawa, au atabaki anasema peke yake mbele ya simu iliyoganda.