Chema Chajiuza? Mwanamuziki wa Kebirigo na Nguvu ya Kalamu

Wahenga walilonga kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka na mikaka methali hii imetumiwa kumtuliza msanii asiyejulikana: atunge vizuri, apige ala yake kwa ustadi, kisha asubiri, sifa zitamfuata. Makala haya yanashikilia kwamba katika uwanja wa muziki methali hii haitoshi tena. Mwanamuziki anayejitegemea na asiyeandikwa habari zake huishia kuandikwa visivyo, au kutoandikwa kabisa. Aidha, lawama ya hali hiyo haimwangukii msanii peke yake. Sehemu yake inamwangukia mwanafunzi wa Kiswahili.

Chukua mfano wa Kebirigo, soko lililoko katika Kaunti ya Nyamira, kwenye barabara itokayo mjini Nyamira kuelekea upande wa Kericho. Hili ni eneo la majani chai, na kiwanda cha chai cha Kebirigo kinafahamika kwa kila mkulima wa huko. Msanii wa mahali kama hapa hujilipia studio kwa fedha za chai, za ndizi au za bodaboda. Wimbo ukishakamilika, huusambaza kwa simu, kwa wauzaji wa nyimbo madukani na kwa waongozaji wa sherehe, kisha hubaki akitumai kwamba siku moja utachezwa katika Egesa FM, kituo kinachotangaza kwa Ekegusii. Ukichezwa, hufurahi. Ukishapita, hakuna kinachosalia mkononi mwake: hana ukurasa wa gazeti, hana karatasi yenye maelezo yake, wala hana tarehe iliyowekwa mahali. Redio ni sauti, na sauti hupeperuka.

Historia ya muziki wa Kiswahili inatufunza tofauti kati ya sauti na maandishi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya watu maskini, aliimba taarabu akavuma, na mwaka wa 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka wa 1950. Walikuwapo waimbaji wengine hodari katika zama zake, lakini wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Siti tunamjua, na sababu mojawapo ni kwamba Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka wa 1958. Santuri zilihifadhi sauti yake. Kalamu ya Shaaban Robert ilihifadhi maisha yake, nasaba yake na taabu zake. Ndiyo maana leo anasomwa vyuoni na watu ambao hawajapata kuisikia santuri yake hata moja.

Kwa upande mwingine kuna kisa cha wimbo "Malaika". Fadhili William aliurekodi, na kwa Wakenya wengi ndiye mwenye wimbo. Hata hivyo, Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga tangu mwaka wa 1945. Miriam Makeba aliuimba, Boney M wakauimba, dunia ikaupenda, ilhali watu wa nyumbani wangali wakibishana kuhusu mtunzi wake. Lau habari fupi ya wimbo huo, yenye jina na tarehe, ingalichapishwa gazetini ulipoanza kuimbwa, pengine mgogoro huo usingalidumu hivyo. Anayedhani kwamba kuandikwa ni kutafuta makuu tu na akikumbuke kisa hiki.

Tukirudi Gusii, tunakuta hazina kubwa na maandishi haba. Obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito ya kunguruma, limesindikiza sifa, maombolezo na maonyo ya Abagusii kwa vizazi vingi. Marehemu Christopher Monyoncho aliimba kwa Ekegusii akapendwa mbali na kwao. Katika miaka ya hivi karibuni Grandmaster Masese, mshairi na mpiga obokano, ameiingiza ala hiyo katika kumbi za ushairi. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kusoma kwa Kiswahili habari za wasanii hawa atachakura maktaba nzima na kutoka na vipande tu.

Pengo hilo halibaki wazi. Hujazwa na vioja. Mwimbaji wa nyimbo za injili kutoka eneo hilohilo, anayejulikana kama Embarambamba, alipata umaarufu nchini kote kutokana na video zinazomwonyesha akigaagaa matopeni na kuparamia miti. Alijitangaza, tena kwa bidii, na hilo si kosa. La kuhuzunisha ni kwamba mazungumzo mengi yalihusu miruko yake. Maneno ya nyimbo zake yaliachwa pembeni, kwani msikilizaji asiyejua Ekegusii hakuwa na wa kumweleza. Vijana wa Kebirigo wakiona hayo watafanya hesabu nyepesi: atakayetaka kuandikwa gazetini sharti aruke matopeni. Hesabu hiyo ni hatari kwa sanaa.

Je, msanii afanye nini? Kwanza, awe na karatasi moja ya maelezo kabla ya kuutoa wimbo wake. Karatasi hiyo itaje jina lake halisi na la usanii, jina la wimbo, tarehe utakapotoka, mahali uliporekodiwa, waliopiga ala, na kwa sentensi mbili au tatu, wimbo unahusu nini. Aambatanishe picha inayoonekana vizuri na namba ya simu inayopatikana. Pili, asiitawanye kama mbegu za mtama. Mhariri wa kurasa za burudani wa Taifa Leo apelekewe barua yake, na mtangazaji wa kipindi fulani apelekewe ya kwake, kila mmoja akielezwa kwa nini wasomaji au wasikilizaji wake watajali. Tatu, aipeleke mapema, si siku ya tamasha yenyewe. Nne, kila kinachochapishwa akihifadhi katika jalada, kwa maana atakapoomba nafasi katika hafla ya chuo au ya kaunti, jalada hilo litamtangulia. Tano, asiandike uongo. Msanii anayejiita mfalme wa muziki wa Kenya hali hajavuka mto Gucha humpa mhariri sababu ya kuitupa karatasi.

Maandishi hayo yanahusu riziki pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, inamtengea mwenye haki ya wimbo sehemu isiyopungua asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu. Lakini ili haki idaiwe, lazima mwenyewe ajulikane. Msanii aliyesajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na aliyetajwa gazetini pamoja na tarehe ana ushahidi. Aliyetegemea kumbukumbu za majirani hana.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba gazeti halisomwi sana Kebirigo, au kwamba baadhi ya watu katika vyombo vya habari hudai mlungula. Hoja ya kwanza inasahau kwamba Kebirigo inamjua mwanawe tayari. Gazeti ni la kumfikisha kwa msikilizaji wa Mombasa na Dodoma, na hata kwa Mgusii anayeishi Minnesota, Marekani, ambaye watoto wake huenda wakakielewa Kiswahili au Kiingereza kuliko Ekegusii. Kuhusu hoja ya pili, msanii akumbuke kwamba anayelipa ili aandikwe amenunua tangazo, hajapata habari. Fedha hizo heri azipeleke studio.

Pingamizi zito zaidi ni hili: msanii wengi wao hawana ujuzi wa kuandika Kiswahili cha gazetini. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi hurudi vijijini wakiwa na vinasa sauti. Huwarekodi wazee wa obokano na waimbaji wa harusi, hunukuu, hutafsiri, huchanganua tamathali za usemi, kisha hupewa alama. Tasnifu hukaa rafuni. Mwimbaji aliyewapa nyimbo haoni hata ukurasa mmoja. Wasomi humwita "mhojiwa" ndani ya kazi ambayo yeye ndiye chimbuko lake. Hiyo ni deni, na deni hulipwa.

Malipo yenyewe si magumu. Mwanafunzi anayemhoji msanii na amwachie ukurasa mmoja wa wasifu, kwa Kiswahili sanifu, wenye maelezo ya nyimbo zake mbili au tatu, ambao msanii ataweza kuutuma kwa mhariri yeyote. Wahadhiri nao wanaweza kuufanya ukurasa huo kuwa sehemu ya zoezi la nyanjani, na majarida ya vyama vya Kiswahili yatenge nafasi ya wasifu wa msanii mmoja katika kila toleo. Shaaban Robert hakungoja Siti awe somo la mtihani ndipo amwandike.

Methali basi na isahihishwe. Chema chajiuza, ndiyo, lakini sokoni kilikofikishwa. Jumamosi moja mpiga obokano atakapoketi kando ya soko la Kebirigo na kuanza kuzivuta nyuzi zake, wapita njia watasimama, watatabasamu, watatupa sarafu na kwenda zao. Kati yao awepo mmoja mwenye kalamu, amwulize jina lake, na aliandike bila kosa.