Chumba Si Rangi, Chumba ni Njia ya Kutokea

Wadau, kuna aina ya video inayopendwa sana mtandaoni, na najua wengi wenu mnaitazama usiku badala ya kulala. Mmarekani anashuka ngazi mpaka kwenye chumba kilicho chini ya nyumba yake. Kuta za zege tupu, mabomba yananing'inia, maboksi kila kona. Dakika kumi baadaye pale pale pana sebule: zulia, taa zilizofichwa kwenye jipsamu, luninga nusu ya ukuta. Au anapanda darini kwenye vumbi na utando wa buibui, anatuachia chumba cha kulala chenye dirisha kwenye paa. Tunapenda, tunasambaza, na kila mtu anaanza kuota la kwake.

Na mimi napenda. Nyumba yenye msingi, kuta na paa ni mali iliyokwisha kulipiwa. Kwa wenzetu wa nchi za baridi, msingi lazima ushuke chini kuliko kina ambacho udongo huganda wakati wa theluji, hivyo shimo mara nyingi lipo tayari. Kuligeuza chumba ni akili kuliko kutafuta kiwanja kipya mwisho wa lami. Hilo sina ubishi nalo.

Ubishi wangu ni huu: tumeaminishwa kwamba kinachogeuza stoo kuwa makazi ni rangi, vigae na taa. Si kweli. Kinachoigeuza ni vitu ambavyo kamera haina muda navyo: maji yanaingilia wapi, hewa inapita wapi, na mtu anatokea wapi mambo yakiharibika.

Tuanze na New York. Usiku wa Septemba 1, 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipofika pale, kituo cha hali ya hewa cha Central Park kilipima milimita 80 hivi za mvua ndani ya saa moja. Sisi wa Dar tunaoijua Jangwani wakati wa masika tunaelewa maana yake. Watu 13 walikufa katika jiji hilo, na 11 kati yao walikutwa na maji kwenye makazi ya chini ya nyumba. Wengi wao waliishi Queens, eneo la wahamiaji na watu wa kipato cha kawaida. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wapangaji waliotafuta kodi wanayoiweza, wakakipata chumba ambacho sheria haikitambui.

Sheria ya jiji lile hutenganisha vyumba vya chini kwa aina mbili. Kama nusu ya kimo chake au zaidi iko juu ya usawa wa barabara, kinaweza kuruhusiwa kupangishwa kikitimiza masharti. Kama zaidi ya nusu imezama, kwa kawaida hairuhusiwi kabisa. Lakini marufuku haikuwaondoa watu. Iliwaficha tu. Mwenye nyumba hawezi kuomba kibali cha kuongeza dirisha kwenye chumba ambacho kisheria hakipo. Mpangaji hawezi kulalamika, maana akilalamika anahamishwa. Mwaka 2019 jiji lilianzisha mradi wa majaribio katika East New York, Brooklyn, wa kuwasaidia wenye nyumba kuvifanya vyumba hivyo kuwa salama na halali. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, bajeti yake ikakatwa sana. Mwaka mmoja baadaye Ida akaja.

Sasa wale wanaosema haya ni ya huko, warudi nyumbani kidogo. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu wapatao 30. Mashuhuda walisimulia siku zile kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo ili kuongeza nafasi ya biashara. Chini ya jengo si kabati ambalo ukitaka nafasi unavuta droo. Pale ndipo ghorofa zote za juu zimesimama. Ukigusa udongo unaoshikilia nguzo bila mhandisi, unachezea roho za watu ambao hata hawajui kama kuna fundi na sululu kule chini.

Na juu nako kuna hesabu zake. Mbao za dari nyingi zimepangwa kubeba silingibodi, si kitanda, kabati na watu wawili. Kenchi zenye mbao za kukingama katikati zinafanya kazi kama mwili mmoja. Fundi akikata moja ili apate njia ya kupita, paa zima linaanza kubeba uzito lisiousomea. Halafu kuna joto. Chini ya bati la Dar saa nane mchana, bila kizuizi cha joto na bila upepo, hicho si chumba, ni tanuri la mkate.

Kanuni nyingi za nyumba Marekani zinadai chumba cha kulala cha chini kiwe na mlango wa kutokea nje au dirisha la kutorokea: uwazi wa takriban nusu mita ya mraba, ukingo wake usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni, ili mtu mzima aweze kupanda na kutoka. Wengine wataona ni urasimu. Mimi naona ni swali moja tu limewekwa kwenye vipimo: moto ukiwa kwenye ngazi, utapita wapi?

Kwa hiyo, ewe kijana unayetafuta chumba, mjini hapa au ughaibuni, dalali akikuonesha vigae, wewe tafuta mlango wa pili. Angalia alama za unyevu chini ya rangi mpya. Uliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Na wewe uliyerithi nyumba na unataka kuongeza vyumba, fedha ya kwanza impate mhandisi, ya mwisho impate mpaka rangi. Wengi wetu tunaanza na mpaka rangi.

Kwa wenye mamlaka nina moja tu. Faini na alama ya X nyekundu ukutani peke yake haimjengei mtu dirisha. Kibali kikiwa ghali na cha kuzungushwa, watu watajenga usiku. Rahisisheni ukaguzi, mwoneshe mwenye nyumba nini arekebishe na kwa muda gani, kisha mumbane asiyetaka. Mpangaji atalala humo humo leo usiku, iwe sheria inakitambua chumba chake au haikitambui.

Naomba kutoa hoja.