Eastlands: Wakazi wana mikono, kaunti ina sheria

UWEZO wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kujiokoa wakati wa janga si jambo la kutiliwa shaka. Shaka ipo katika yale yanayopaswa kufanywa kabla ya janga lenyewe.

Jengo la ghorofa sita lilipoporomoka mtaani Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, kufuatia mvua kubwa, majirani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufukua vifusi. Takriban watu 50 walifariki, na manusura wengine walitolewa wakiwa hai karibu wiki moja baadaye. Lakini jengo hilo lilijengwa kando ya mto, na baada ya mkasa ilibainika kuwa lilikuwa limetengwa ili libomolewe. Hata hivyo, vyumba viliendelea kukodishwa. Hapo ujasiri wa jirani hauwezi kusaidia, kwani jirani hana mamlaka ya kumhamisha mpangaji wala kumshtaki mwenye nyumba.

Usiku wa Februari 1, 2024, gari lililobeba gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi, na kujeruhi zaidi ya watu 200. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo hicho mwaka wa 2023. Baadaye maafisa wa NEMA, shirika linalosimamia mazingira, walisimamishwa kazi kwa sababu ya kibali walichotoa. Afisi moja ilikataa, nyingine ikaidhinisha.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kuzima moto, kukabili majanga na kupanga ujenzi. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaziruhusu kuwa na hazina ya dharura. Kwa hivyo kisingizio cha kukosa mamlaka hakipo.

Kuna udhaifu mwingine usiozungumziwa sana. Kaunti ya mashambani, hata ikiwa maskini, ina ghala, kisima na mbuzi wawili watatu. Eastlands haina akiba ya aina hiyo. Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, nako unga na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa kupimiwa, ya leo kwa leo. Eastleigh ilipofungwa Mei 2020 kwa sababu ya corona, kibarua aliyezuiwa kutoka alikosa ujira wa siku, na bila ujira hakuna unga, hata duka likiwa mlangoni.

Umaskini huohuo ndio unaodhoofisha alama ya X inayopakwa kwa rangi nyekundu kwenye majengo hatari. Mpangaji huiona na kuielewa vyema. Anachouliza ni kodi ya kwingine ni shilingi ngapi, na kufikia sasa hakuna afisi iliyo na jibu la kumpa.