Aliyeuchora Ukumbi Naye Atajwe

Katika Chuo Kikuu cha Duke, nchini Marekani, upo ukumbi maarufu wa mpira wa kikapu uitwao Cameron Indoor Stadium. Ulifunguliwa Januari 1940. Mwaka 1972 ukapewa jina la Eddie Cameron, kocha wa zamani na mkurugenzi wa michezo. Je, aliyeuchora ni nani?

Ni Julian Abele, msanifu majengo mweusi aliyehitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1902. Kupitia kampuni ya Horace Trumbauer ya Philadelphia, alibuni majengo mengi ya Duke. Chuo kilipokea michoro yake, lakini mtoto wake kisingempokea: wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walianza kuingia mwaka 1963, miaka 13 baada ya kifo chake.

Wapo watakaosema kazi ilikuwa ya kampuni, na Cameron alikitumikia chuo kwa miaka mingi. Sikatai. Lakini kampuni haishiki kalamu. Mtu ndiye huishika. Na aliyemtoa Abele gizani ni mwanafunzi wa ukoo wake, aliyeandika katika gazeti la wanafunzi mwaka 1986. Mwaka 2016 uwanja mkuu wa chuo ukapewa jina la Abele. Ni vyema, ila ukumbi unaoonekana na mamilioni kwenye televisheni bado unaitwa kwa jina la Cameron.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Majina mawili yanaenea katika ukumbi mmoja. Nasi wanafunzi tuulize kuhusu majengo yetu: nani aliyachora, na nani aliyajenga?