Moto Ukishapita, Msanifu wa Nyumba Ana Kazi Gani?

Mwezi huu tunawaomba tuvuke bahari pamoja, twende California kule Marekani, kwa akina mama wenzetu waliopoteza nyumba zao katika moto wa Januari 2025. Wengi mtakumbuka habari zile. Tarehe 7 mwezi huo moto ulizuka mahali pawili katika eneo la Los Angeles, upepo mkali ukauchochea, na kabla hawajauzima ulikuwa umekwisha teketeza majengo zaidi ya 6,800 upande wa Pacific Palisades, karibu na bahari, na zaidi ya 9,000 upande wa Altadena, chini ya milima. Watu 31 walikufa. Kumi na tisa kati yao walikuwa wa upande wa Altadena.

Magazeti yalizungumza sana juu ya nyumba za waigizaji wa sinema. Sisi tungependa kuzungumza juu ya Altadena, maana hali ya huko inafanana zaidi na ya watu wa kawaida. Katika miaka ya 1960 na 1970 familia nyingi za Wamarekani Weusi zilinunua nyumba huko, wakati mitaa mingine ilikuwa ikiwafungia mlango. Wazee wakalipa deni la benki mpaka likaisha, wakawaachia watoto, na watoto nao wakawalea wajukuu humo humo. Ni jambo jema nyumba isiyo na deni. Lakini benki ndiyo inayomlazimisha mtu kukata bima, na deni likiisha hakuna wa kumkumbusha. Kwa hiyo baada ya moto wapo waliokuta bima yao ni ndogo mno, na wengine hawakuwa na bima kabisa.

Sasa mfikirie mama wa namna hiyo. Ana kiwanja kilichojaa majivu, fedha haba, watoto wanalala kwa ndugu, na wanunuzi wa viwanja wanambishia hodi. Akiuza, familia inatoka mahali ilipokaa miaka hamsini, na hawezi kurudi kwa bei ile. Ndiyo maana vibao viliwekwa mbele ya viwanja vingi kusema kwamba Altadena haiuzwi. Kibao lakini hakijengi nyumba. Hapo ndipo anapoingia msanifu wa majengo, ambaye wengi wetu tumezoea kumdhania kuwa ni mtu wa matajiri, wa kuchora maghorofa na majumba yenye madimbwi ya kuogelea.

Kazi yake ya kwanza, tena kubwa, hata si kuchora nyumba mpya. Ni kuikumbuka ile ya zamani. Kampuni ya bima hulipa kwa kufuata kile kilichokuwapo, na anayedai hana budi kukieleza. Basi msanifu huketi na familia, akatandaza karatasi mezani, akauliza. Jiko lilikuwa upande gani? Kutoka mlangoni hadi kwenye sinki ni hatua ngapi? Sakafu ilikuwa ya mbao au ya vigae? Dari ilikuwa juu kiasi gani, na kabati lilijengwa ukutani au lilisimama peke yake? Hutafuta ramani za zamani katika ofisi ya vibali vya ujenzi, na vipimo katika kumbukumbu za kodi ya nyumba. Huwaambia pia waombe picha kwa ndugu: ile ya sikukuu ya kuzaliwa, ambayo nyuma ya keki yaonekana dirisha na rafu zake. Mwishoni nyumba yote ipo kwenye karatasi, chumba kwa chumba.

Na hapa, akina mama, tuseme wazi: katika kikao hicho mke asibaki jikoni akichemsha chai. Bwana pengine atakumbuka paa na gereji. Lakini nani anajua stoo ilikuwa na rafu ngapi, au kwamba bafu la watoto lilitengenezwa upya kwa gharama kubwa? Kitu kisichoandikwa hakilipwi.

Msanifu huandika pia orodha nyingine, ya mambo ambayo sheria ya sasa inayadai na nyumba ya zamani haikuwa nayo. Nyumba iliyojengwa mwaka 1925 haikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto ndani. California imevidai katika nyumba mpya tangu 2011. Nyaya za umeme, madirisha, kuta zenye kuhifadhi joto, vyote vimebadilika. Mikataba mingi ya bima ina fungu la gharama hizo, ila hutolewa kwa anayelidai. Vilevile humweleza mama habari za kibali. Siku chache baada ya moto gavana wa California aliondoa baadhi ya masharti kwa wanaojenga nyumba inayofanana na ile iliyoungua, isiyozidi asilimia 110 ya ukubwa wake. Ukitaka kubwa kuliko hapo unarudi kwenye njia ndefu. Chumba kimoja cha ziada huenda kikagharimu miezi mingi ya kupanga nyumba ya mtu. Afadhali kulijua hilo kabla ya penseli kugusa karatasi.

Tuje sasa kwenye moto wenyewe, maana hakuna anayetaka kujenga ili iungue tena. Watu hudhani nyumba hushikwa na ukuta mkubwa wa ndimi za moto. Mara nyingi sivyo. Zinazoangamiza ni cheche, vipande vidogo vya mbao na majani vinavyowaka, ambavyo upepo huvirusha mbele ya moto umbali wa kilomita moja au zaidi. Cheche huingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya paa, ikatua darini kwenye vumbi na maboksi. Au hutua kwenye mfereji wa maji ya mvua uliojaa majani makavu. Au kwenye kapeti la mlangoni. Au joto la nyumba ya jirani hupasua kioo cha dirisha, na cheche zikakuta pazia.

Kwa hiyo msanifu anayejua kazi yake hujali vitu vidogo. Matundu ya hewa huyawekea wavu wa chuma ambao vijitundu vyake havizidi milimita 3 hivi. Paa huwa la vigae vya udongo au saruji, au la bati. Madirisha ni ya vioo viwili viwili, angalau kimoja kikiwa kimetiwa ugumu kwa joto, kama vioo vya pembeni vya gari. Ua wa mbao hauachwi uguse nyumba, kwa sababu huupokea moto na kuuleta hadi ukutani. Na futi 5 za kwanza kuzunguka nyumba haziwi na kichaka wala maganda ya mbao, bali changarawe au saruji. Hili la mwisho huwaumiza akina mama wapendao maua chini ya dirisha. Twawaelewa! Maua yasogezwe tu mbele kidogo.

Je, yote haya yanasaidia kweli? California iliweka sheria ya ujenzi wa namna hii mwaka 2008. Moto wa 2018 ulipouteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85, waandishi wa habari walihesabu nyumba zilizokuwa njiani mwake. Kati ya zile zilizojengwa kabla ya 2008 zilizopona bila madhara zilikuwa asilimia 18. Za baada ya hapo, asilimia 51. Si ahadi, kwani karibu nusu ziliharibika hata hivyo. Na mwaka 2025 nyumba moja ya Palisades iliyochorwa na msanifu Greg Chasen ilibaki imesimama huku ya jirani ikiwa majivu. Mwenyewe alikubali kwamba usanifu ulisaidia na bahati nayo ilikuwapo. Tunampenda msanifu asemaye hivyo kuliko yule anayeuza nyumba isiyoungua.

Linabaki suala la fedha, na hapa tumefurahi kuona jambo jipya. Wasanifu wa huko walianzisha shirika lisilo la faida, The Foothill Catalog Foundation, linalotayarisha ramani za nyumba zinazofanana na sura ya Altadena ya zamani, ili ziidhinishwe na serikali mara moja tu, kisha zitumiwe na familia nyingi. Wazo lina wazee wake: kampuni ya Sears ilikuwa ikiuza nyumba kwa kitabu cha picha tangu 1908. Anayechagua ramani iliyokwisha kubaliwa hulipia usanifu kidogo na kungoja kidogo. Bado kiwanja chake hukaguliwa, mteremko na mipaka, lakini hesabu za nguvu za nyumba zimekwisha pitiwa. Mama asiyekuwa na uwezo wa kumwajiri msanifu peke yake anamwajiri pamoja na majirani zake, ndivyo tunavyoliona sisi. Na majirani wakijenga ramani moja, mkandarasi naye huagiza mbao na madirisha kwa pamoja.

Kuna wa kujihadhari nao. Baada ya kila moto hutokea watu wenye haraka, kadi mkononi na kalamu tayari. Sheria ya California inataka mkataba wa msanifu uandikwe, na mkandarasi wa nyumba haruhusiwi kudai malipo ya mwanzo yanayozidi dola 1,000 au asilimia 10 ya kazi, ile iliyo ndogo. Anayetaka nusu ya fedha leo amekwisha jieleza. Leseni yake huangaliwa bila malipo. Msanifu akiwa upande wa familia huisoma bei ya mkandarasi mstari kwa mstari, akauliza kwa nini msingi ulio mzima unavunjwa, au kama umepimwa, kwa maana moto mkali hudhoofisha saruji.

Na wengine wameshauriwa waanze kwa kidogo: kijumba cha nyuma, chumba kimoja au viwili, jambo ambalo sheria ya California inaliruhusu. Bibi anahamia humo na wajukuu, anapika, anawasha taa jioni, na nyumba kubwa inajengwa mbele ya macho yake kadiri fedha za bima zinavyofika.