Si Maziwa Yaliyokauka, Ni Mtoto Hajashika Titi

KINA mama wanaojifungua huku Junju na vijiji vya jirani hunijia na neno moja: "Daktari, maziwa hayatoki." Aghalabu mtoto huwa na siku nne au tano. Mama ameandamana na mavyaa wake, au hawe, kama nyanya anavyoitwa huku kwetu, na ndani ya mkoba mna chupa iliyokwisha kuanza kutumika. Hukumu imekwisha kutolewa nyumbani. Kinachotakiwa kwangu ni kuitilia muhuri tu, nitaje jina la maziwa ya mkebe watakayonunua Mtwapa wakishuka kwenye matatu.

Badala yake humwomba mama aketi vizuri, amfungue mtoto kwenye leso na kumnyonyesha nikitazama. Mara nyingi mno ninachokiona si titi lililokauka. Naona mtoto aliyeshika ncha ya chuchu peke yake, mashavu yamebonyea, akivuta haraka haraka bila kusikika akimeza, na mama amekunja uso kwa maumivu. Maziwa yapo, ila mtoto hawezi kuyatoa.

Kwa hivyo nasema wazi: kabla ya mtu yeyote kutamka kuwa mama hana maziwa, awe ni daktari, muuguzi au jirani, sharti kwanza akae amtazame akinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa na haihitaji mashine yoyote. La kusikitisha ni kwamba huduma zetu za afya hazifiki kuifanya siku ile inapohitajika zaidi, yaani siku ya tatu.

Nieleze kwa nini siku ya tatu. Tumbo la mtoto siku anapozaliwa ni dogo sana. Kijiko kimoja au viwili vya chai vyamtosha kwa mlo mmoja. Ndiyo maana Mola amempa mama dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano, machache kwa kipimo lakini yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Wapo ambao bado huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mwenye mtoto wa kwanza, aliyejifungua kwa upasuaji au aliyepoteza damu nyingi, huweza kuchelewa zaidi. Katika siku hizo mtoto hupungua uzani kidogo, na hilo ni la kawaida mradi hajapoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzani aliozaliwa nao.

Usiku wa pili au wa tatu mtoto hulia na kutaka titi kila baada ya muda mfupi. Mtoto huyo anafanya kazi yake. Anaagiza maziwa ya kesho. Lakini nyumba ikiwa na watu sita na wote wanataka kulala, kilio hicho husikika kama njaa isiyo na dawa, na hapo ndipo huingia maji ya sukari, dawa ya tumbo ya chupa au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya kisima. Mtoto hushiba, hulala saa nne mfululizo, na kila mtu huridhika kwamba kweli alikuwa na njaa. Titi nalo hubaki limejaa bila kuguswa.

Msomaji anisamehe nikilinganisha maziwa ya mama na tembo, lakini mfano huu unaeleweka upesi kwa yeyote aliyekulia Kilifi. Mgema hupanda mnazi wake kila siku, akauchonga tena ule mkato. Akikaa siku kadhaa bila kupanda, tembo hukauka, ingawa mnazi ni mzima na mizizi yake iko pale pale. Titi huenda kwa mtindo huo. Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama huachilia homoni mbili. Moja, prolaktini, huamrisha maziwa yatengenezwe. Ya pili, oksitosini, huyasukuma yatoke. Maziwa yasipotolewa, titi lenyewe hupunguza kazi. Kila chupa inayoingia kabla ya kunyonyesha kushika mizizi hupunguza mahitaji, na baada ya juma moja au mawili yale madai kwamba mama hana maziwa huwa yamekuwa kweli.

Sasa tuje kwenye kushika titi, ambako ndiko kwenye kiini cha mambo. Mama aketi akiwa ameegemea kitu, asiinamie mtoto. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, na kichwa, shingo na mwili vikae kwa mstari mmoja. Mtoto anayegeuza shingo hawezi kumeza vyema, nawe jaribu kunywa maji ukiwa umeangalia begani. Pua yake ielekee chuchu. Mama amguse mdomo wa juu kwa chuchu kisha angoje. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Mdomo ukipanuka kama wa mtu anayepiga miayo, amlete mtoto kwenye titi kwa haraka, asilisukume titi kwa mtoto. Akishika sawasawa, kidevu chake hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Huanza kunyonya upesi upesi, kisha maziwa yakishuka hunyonya taratibu, akavuta, akameza, akapumua.

Maumivu kidogo ya mwanzoni si ajabu. Lakini maumivu yanayoendelea, au chuchu inayotoka mdomoni imebanwa bapa, ni dalili kwamba mtoto hajashika vizuri. Mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amwachishe, aanze upya, hata mara tano. Naona kina mama wakivumilia chuchu zilizopasuka kwa juma zima kwa sababu wameambiwa uzazi ni uchungu. Wakitoka hapo huogopa kunyonyesha, maziwa hujaa na titi kuvimba, na wengine huishia kupasuliwa jipu.

Utajuaje kama mtoto anapata maziwa ya kutosha? Usitumie kilio kuwa kipimo, wala ulaini wa matiti, kwani matiti hulainika yenyewe baada ya majuma machache hata kama maziwa ni tele. Tazama nepi. Baada ya siku ya tano mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, na choo chake huwa kimetoka kwenye weusi wa mwanzoni na kuwa cha manjano. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, usiku ukiwemo.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo sitalipita kimya. Mtoto akikonda, wapo wanaosema ni chirwa, kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa. Aghalabu kidole huelekezwa kwa mama. Sina haja ya kubishana na mila za mtu, lakini naona matokeo yake: siku kadhaa hupotea kwa kusaka dawa na kufanya vikao, mtoto akizidi kudhoofika, na mama mwenye siku sita za uzazi hushinda akilia. Fadhaa huzuia ile oksitosini, maziwa yakakataa kushuka hata pale yalipo. Mavyaa anayetaka mjukuu anenepe angemsaidia zaidi kwa kumpokonya mkazamwana wake ndoo ya maji na kumpikia uji. Supu ya samaki, uji wa wimbi, mchicha wa nazi, vyote ni vyema, ila hakuna chakula kinacholeta maziwa kwenye titi lisilonyonywa. Na mama aliyekula mlo mmoja kwa siku bado hutengeneza maziwa. Fedha za mkebe zikitumika kumlisha yeye, wawili watakuwa wameshiba.

Je, hakuna kina mama ambao kweli maziwa yao ni machache? Wapo, nao hawafai kulaumiwa. Aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ambaye kipande cha kondo la nyuma kimebaki tumboni, mwenye maradhi ya tezi, aliyewahi kupasuliwa matiti. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni navyo havifai kwa anayenyonyesha kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Upande wa mtoto, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzani mdogo huchoka na kulala titini, na huyo ni wa kuhofia zaidi kwa sababu halii. Mama wa mtoto kama huyo akamue maziwa kwa mkono na kumnywesha kwa kikombe kidogo kilicho safi, kwani chupa humfundisha mtindo mwingine wa kunyonya na ni taabu kuisafisha. Ikibidi aongezewe maziwa mengine, iwe kwa kipimo cha mhudumu wa afya na titi likiendelea kunyonywa.

Dawa za kuongeza maziwa nazo zimekuwa mtindo. Metoklopramidi na domperidoni ni dawa za kichefuchefu, na hutolewa kwa kina mama bila mtu kuuliza mtoto anashikaje titi. Ya kwanza yaweza kumtia mzazi majonzi, ya pili yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sisemi hazina nafasi kabisa. Nasema zimepewa nafasi ya mbele mahali ambapo zilistahili ya mwisho.

Tutazame sasa takwimu za nchi nzima. Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, kina mama wameitikia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha asilimia 61 ya watoto wakizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha 82. Hiyo ni hatua kubwa iliyookoa maisha, wala sitamani kurudi enzi za kuzalia gizani. Lakini watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee, ambao walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003 na wakapanda hadi 61 mwaka wa 2014, walikuwa 60 mwaka wa 2022. Tumewaleta kina mama hospitalini kwa wingi, na upande wa kunyonyesha hatujasogea.

Sababu ni nyingi, na kazi ni mojawapo: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini kibarua wa mkonge au wa kufua nguo za watu atakipata wapi? Hata hivyo naamini shimo kubwa liko kwenye kalenda yetu. Mama huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja, wodi ikiwa imejaa, kabla maziwa hayajashuka. Wengi hatuwaoni tena hadi chanjo ya majuma sita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua. Hiyo ndiyo siku ya tatu ninayoizungumzia, siku ambayo huku mashambani mama huwa peke yake na washauri wake wa nyumbani.

Nani atamfikia? Wahudumu wa afya wa jamii wapo katika kila kijiji, na Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia homa na shinikizo la damu. Wafunzwe pia kutazama mdomo wa mtoto kwenye titi, na zahanati iwapigie simu kila mama wa kijiji chao anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Kwamba jambo hili linawezekana tumeliona papa hapa. Watu wa Junju wanawajua KEMRI kwa damu ya kidole, kwa miaka mingi ya utafiti wa malaria. Lakini katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi watafiti hao pia waliwafunza wanawake wa kawaida kuketi na kina mama wa watoto wa chini ya miezi sita waliolazwa wakiwa wagonjwa na wamekonda. Wengi walirudi kunyonya titi pekee kabla ya kutoka hospitalini. Ikiwa mtoto mgonjwa aliyekwisha kuzoea chupa anaweza kurudishwa titini, huyu mzima wa siku tatu atashindwa na nini?

Hadi mpango huo ufike, mama anayesoma haya asisubiri. Mtoto asiyekojoa vya kutosha, anayelala bila kuamka kunyonya, au aliyetimiza juma la pili bila kurudia uzani aliozaliwa nao, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na mama akifika, amwambie muuguzi anyonyeshe akiwa anatazamwa, kabla ya kukubali karatasi yenye jina la mkebe.