Hakuna Spea ya Bure Angani

Wapo wazee wa fasihi, na siku hizi wapo hata vijana wenye ndevu tatu kidevuni, wanaotuambia kwamba hadithi ya genge la wezi wanaorandaranda angani katika chombo kibovu, wakigombana na kutaniana, ni upuuzi wa kupoteza muda. Ati fasihi ni kilio. Ati anayechekesha hajakomaa. Na anga je? Anga ni ya Wazungu, sisi tubaki na majembe yetu na ugomvi wetu wa mirathi.

Jamani, hebu tuachane na longolongo hii.

Mimi nasema hivi: hadithi hizi, zile zilizo nzuri, ni hadithi za kazi na njaa. Ukiondoa nyota na bunduki za mwanga, kinachobaki ni watu wasio na mshiko wanaojaribu kufika kesho. Na zile mbovu ni mbovu kwa sababu moja tu: zimesahau njaa. Hapo ndipo palipo na ugomvi wangu.

Chukua Firefly, mchezo wa televisheni wa Kimarekani ulioanza kuonyeshwa Septemba 20, 2002. Watu tisa wamo ndani ya chombo kiitwacho Serenity. Nahodha wao, Mal, alipigana vita upande ulioshindwa, akakipa chombo chake jina la bonde walikochapwa. Ebu fikiri, ndugu msomaji: ni nani anayeandika jina la kipigo chake ubavuni mwa chombo anachopandia kila siku? Ni mtu ambaye hakukubali. Sentensi elfu za maelezo zisingemwonyesha vizuri kuliko jina hilo moja.

Katika kipindi kile cha kwanza kuonyeshwa wanakodishwa na mhalifu mmoja katili kuiba shehena kutoka kwenye treni. Wanaiba kweli. Halafu wanagundua kwamba ndani ya masanduku mna dawa za mji wa wachimba madini wanaougua. Sasa wafanye nini? Wakirudisha dawa, yule katili atawachinja. Wakizipeleka kwake, watu watakufa. Mal anarudisha dawa, kisha anajaribu kumrudishia tajiri wake malipo aliyotanguliziwa. Mtumwa wa tajiri, pande la mtu, anakataa na kuapa kumsaka Mal mpaka mwisho wa dunia. Mal anampiga teke, jamaa anamezwa na injini. Analetwa mtumwa wa pili. Kabla hotuba haijafika mbali, huyo anakubali kila kitu. Utacheka mpaka mbavu ziume, lakini umeulizwa swali zito: mwizi ana deni gani kwa maskini mwenzake? Niambie hotuba gani ya jukwaani ilikuuliza hivyo ukasikiliza mpaka mwisho.

Tena tazama injini. Fundi wao, Kaylee, anaomba spea mapema kabisa. Nahodha anampiga chenga kwa mzaha, kwa sababu hela hazipo. Vipindi kadhaa mbele, ni mtambo ule ule unaokatika, na chombo kizima kinakosa hewa. Huo ndio ufundi wa kusimulia, bwana! Kichekesho cha leo ndicho msiba wa kesho. Yeyote aliyewahi kupanda gari ambalo dereva anasema "litafika tu" anaielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Waingereza walishaliona jambo hili zamani. Katika The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams, iliyoanza kama mchezo wa redio ya BBC mwaka 1978, rais wa galaksi nzima anaiba chombo kipya kwenye sherehe aliyoalikwa kukizindua. Kigogo anaiba mali ya umma mchana kweupe, mbele ya wageni waalikwa! Na dunia yetu inabomolewa ili barabara ya angani ipite. Wakazi wakilalamika, wanajibiwa kwamba ramani zilibandikwa ofisini miaka 50 iliyopita. Ofisi yenyewe iko kwenye nyota nyingine. Anayeishi mjini na kuijua bomoabomoa, alama ya X nyekundu ukutani na karani asemaye "tangazo lilitolewa", atuambie kama hiyo ni hadithi ya Wazungu peke yao.

Na Wajapani? Cowboy Bebop ya mwaka 1998 inaanza na wasaka wahalifu wawili wanaokula nyama kwa pilipili hoho ambamo nyama haimo. Hoho tupu. Chombo kinapasua anga, tumbo linanguruma.

Sasa njoo kwa Guardians of the Galaxy ya mwaka 2014. Sikatai, inachekesha. Watano waliokataliwa kila mahali wanakutana gerezani, wanapanga kutoroka, na mpango unaharibika kabla haujaelezwa wote. Safi sana. Lakini tazama mwisho: wanaokoa sayari nzima, makosa yao yanafutwa, na chombo chao kilichovunjika kinajengwa upya na serikali. Bure! Pale pale njaa imekufa, na utukutu umegeuka vazi la kupigia picha. Tangu hapo tumeletewa makundi kwa makundi ya watukutu wa kuigiza: kila mmoja ana koti la ngozi na neno la kejeli, hakuna hata mmoja anayedaiwa kodi. Ubabaishaji mtupu. Anayekuja kuiiga filamu hiyo kwa Kiswahili anaiga koti, mwili anauacha.

Wala Firefly siipigi magoti. Watu wake wanatukana kwa Kichina kila wakikwama, lakini katika wale tisa hakuna Mchina hata mmoja. Lugha imepakiwa, wenyewe wameachwa bandarini.

Jambo hilo sisi tunalijua. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, warushaji Waitalia, bahari yetu, na jina lake lilikuwa Uhuru. Neno letu liliruka. Anayesema anga haituhusu aanze kutueleza hilo. Na wewe mwandishi chipukizi, kama hapo huoni hadithi ya wizi wa kuchekesha, wa watu wanaokwenda kulidai jina lao huko juu, basi kaoshe macho.

Wala hatuanzi mwanzo. Shaban Robert aliiweka Kusadikika ikielea angani mwaka 1951. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimtia Dzombo aliyehukumiwa kufa ndani ya chombo cha angani, akamfikisha nchi ambayo jina lake ukilikata linasema "wale ni sisi". Lugha yenyewe ilishajiandaa: jahazi ni chombo, na kiendacho mwezini ni chombo. Nahodha tunaye, mabaharia tunao, shehena tunayo. Hata kicheko cha genge la watu wasiofanana tunakijua kwa jina lake, utani. Mtani anakutukana msibani ukiwa na machozi, humpigi, na jeneza mnabeba pamoja. Hao ndio mabaharia ninaowataka.

Basi atakayeleta hadithi ya namna hii ajibu kwanza: Chombo ni cha nani, na kinadaiwa na nani? Spea gani imeoza? Nani amelala bila kula, na nani amekula mara mbili? Kinachoibwa kina thamani gani kwa aliyeibiwa? Mpango ukiharibika, na lazima uharibike, nani atalipia? Asiyeweza kujibu, hata akitupeleka nyota ya mia, ametoka kapa.

Na wazee wetu wa kilio tunawaheshimu, shikamooni. Lakini mtupishe kidogo mlangoni. Injini imeshawaka, inakohoa, na hatujui kama mafuta yatatosha.